Bitana Nyeupe

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuleta duniani bila uzi mwilini, kisha akatuamrisha tuvikane, mzima amvike mzima mwenzake na mzima amvike maiti. Namshukuru kwa macho ambayo hadi leo yanaliona tundu la sindano, na kwa vidole ambavyo bado vinakunja. Namshukuru pia kwa yale ambayo sikuyataka na yakaja. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema. Baada ya hayo nitaeleza habari ya blanketi moja dogo. Nitaieleza ilivyokuwa, kwa sababu nimewasikia majirani wakiisimulia vizuri kuliko ilivyokuwa, na katika masimulizi yao mimi ndiye niliyependelewa.

Nimeishi Majengo, hapa Nairobi, tangu nilipoolewa, katika nyumba yenye ua wa katikati na vyumba vinavyotazamana. Mume wangu alifia katika chumba hiki ninachoandikia. Mwanangu wa pekee alikuwa na chumba cha mkabala na changu, yeye na mke wake, hata nikikohoa walinisikia, na wakikohoa niliwasikia.

Kazi ya mikono yangu ni kushona vitu vidogo kwa masalio ya vitambaa. Sina cherehani na sijawahi kuitamani. Fundi mmoja wa soko la Gikomba, ashonaye sare za shule na mapazia, hunikusanyia vipande vinavyoanguka chini ya meza yake. Nikifika Alhamisi husema, "Nyanya, umekuja kunifagilia?"

"Nimekuja. Ungekuwa na fagio, mimi ningekosa kazi."

"Hiki ni kidogo sana. Hakitoshi hata kumfunika panya."

"Panya wako ni wanene. Nipe."

Kwa vipande hivyo nimeshona vishikio vya sufuria, mito midogo ya kuchomekea sindano, vifuko vya tasbihi na miswala ya viraka. Vijana wa mitumba hukata jinzi kuwa kaptula na kuitupa miguu yake; miguu hiyo nimeishona ikawa mifuko ya juzuu za watoto wa chuo cha Qur'ani, na karibu kila mtoto aliyesoma msikiti wa mtaa wetu amebeba mguu wa suruali ya Mzungu begani bila kujua. Sikuwa nikiuza. Kitu kikiisha nilikitoa, na moyo wangu ukatulia.

Kazi yangu nyingine ni ile ambayo haichaguliwi na mtu. Mimi na shoga yangu mmoja, tuliyeanza naye tukiwa wasichana, ndio tunaoitwa mwanamke akifariki. Tunamwosha na kumvisha. Mwalimu wangu wa kazi hiyo alinifunza kwamba sanda ya mwanamke haipitishwi mkasi. Bafta nyeupe, ndiyo pamba ya sanda, hupimwa kwa mkono, hutiwa alama ndogo, kisha huraruliwa, na uzi wa kuishonea huvutwa kutoka ukingo wa nguo hiyo hiyo. Kila mara kunabaki kipande, upana wa kiganja au zaidi. Mwalimu wangu alisema kilichobaki ni mali ya waliofiwa, wala si halali kukichukua bila idhini yao, na kukitupa ni israfu. Basi kwa zaidi ya miaka thelathini nimesimama kwenye milango ya wafiwa nikiwa na kipande mkononi, nikauliza, "Mnakitaka hiki?" Nao wamenijibu kwa namna moja: "Chukua tu, Mama. Nani atakitia nyumbani?"

Niliyasikia maneno hayo miaka yote hiyo na sikuyaelewa. Nilidhani ni ukarimu.

Mabaki hayo niliyatumia kushonea vifuko vya mkono vya kuoshea maiti. Mengine niliyakunja sandukuni, sanduku la bati alilonipa mama yangu nilipoolewa. Humo ndimo nilimokuwa nikiweka vyote: vipande vya fundi upande wa kushoto, bafta kulia, na katikati uzi, sindano, na bahasha ya kafuri. Kafuri husagwa na kuwekwa kwenye maji ya mwisho ya kuoshea na juu ya sanda, na wengi hapa huiita karafuu maiti. Ilifaa pia kufukuza nondo. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu hapa Majengo akiinusa ghafla mahali, hunyamaza na kuuliza nani ametutoka. Mimi niliacha kuinusa siku nyingi. Pua ikizoea kitu haikwambii tena kwamba kipo.

Mke wa mwanangu hakuzaliwa katika nyumba ya Kiislamu. Wazazi wake walitoka Ukambani wakamlea Kariobangi, kanisani kila Jumapili, na alisilimu kabla ya kuolewa. Nilimfundisha mimi mwenyewe kutawadha na kuswali, akikaa pale mkekani miguu imemfa ganzi, akisema, "Mama, hii sura ni ndefu, hakuna fupi kidogo?" na mimi nikimjibu kwamba fupi ameshazimaliza zote. Alinipenda. Nami nilimpenda jinsi mwalimu anavyompenda mwanafunzi anayemwamini, na sasa naona kwamba mapenzi ya namna hiyo yana kiburi ndani yake.

Alikuwa na meza Gikomba, akiuza nguo za watoto za mtumba. Alijua pamba na nailoni kwa kugusa tu. Lakini mimba zake mbili zilikuwa zimetoka, ya pili ikiwa na miezi mitano, na alipobeba ya tatu alikataa kabisa kitu chochote cha mtoto kuingia chumbani. Siku nzima alikunja fulana za vichanga na kuwasifia wateja kofia za sufu, na jioni alirudi mikono mitupu.

"Hata soksi?" nilimuuliza mara moja.

"Hata soksi, Mama. Akija, tutaenda kununua. Asipokuja, sitaki kuwa na kitu cha kukunja."

Nilimwambia kwamba soksi haiongezi siku wala haipunguzi, kila kitu kimeandikwa. Aliitikia kwa adabu. Moyoni nilisema huo ni ujinga aliotoka nao kwao, na ingawa wanawake wa Majengo nao huogopa vivyo hivyo, sikuuita ujinga kwao.

Nilianza kushona blanketi mimba ilipofika miezi sita. Nilishona asubuhi, yeye akiwa sokoni, mlango umeegeshwa. Juu niliweka vipande vya fundi: buluu ya sare, kijani cha pazia, kitenge chenye kuku wadogo, na kipande cha satini ya rangi ya maziwa kilichobaki kwenye nguo ya bibi arusi. Kila kimoja nilikikata mraba wa kiganja changu. Nilipiga bandi kwanza, kisha nikarudia kwa mshono mdogo, uliokazwa, ambao mwalimu wangu aliuita wa mchwa kwa sababu ya udogo wake. Lakini blanketi la mtoto lataka bitana, na bitana ndiyo inayogusa ngozi. Vipande vya fundi vilikuwa vigumu, vingi vya nailoni. Pamba laini katika nyumba yangu ilikuwa moja tu.

Sikuichukua kwa kusahau. Nataka msomaji alijue hilo. Nilifungua sanduku nikachagua vipande sita vya bafta, na kila kimoja nilikijua. Kimoja kilibaki kwa mama aliyekuwa akikaanga mahamri kwenye kona ya msikiti. Kimoja kwa mwalimu wa chuo aliyekufa akisujudu. Kimoja kwa jirani aliyelea watoto wa dada yake saba. Wanawake wema wote sita. Nilijiuliza kuhusu hukumu nikaipata: nguo ni twahara, haikugusa maiti, wenyewe waliitoa, hakuna katazo. Hata niliona ni baraka, mtoto alale juu ya ukumbusho wa wanawake kama hao. Nilivifua, nikavianika ndani kwa sababu jua lilikuwa limeanza kujificha, nikaviunganisha. Blanketi lilipokwisha nililirudisha sandukuni, likangoja huko wiki nyingi, katikati, karibu na bahasha.

Mtoto alizaliwa Julai, mwezi wa saba wa mwaka, kabla ya wakati wake, msichana. Alikuwa mdogo hata niliogopa kumbeba. Walimweka hospitali siku chache, kisha wakamruhusu, na wakatuambia jambo moja kubwa: asipate baridi. Msomaji anayeujua mwezi wa saba wa Nairobi anajua tuliambiwa nini. Chumba chao kilikuwa na sakafu ya saruji na dirisha lisilofunga sawasawa.

Siku ya saba tulimnyoa nywele, tukampa jina, nami nikaleta blanketi. Mke wa mwanangu alilishika muda mrefu. Aliligeuza, akapitisha kidole kwenye bitana.

"Hii ni pamba safi, Mama. Umeitoa wapi? Hata kwenye belo la mitumba la daraja la kwanza huipati hii."

"Nilikuwa nayo," nilisema.

Aliliinua usoni akacheka. "Linanukia wewe."

"Linanukia sanduku langu."

"Ni wewe tu. Tangu nilipokuja hapa ndiyo harufu yako. Nikiinusa najua Mama amepita."

Akamfunika mtoto, kichwa na yote, akabakiza pua. Mwanangu aliyekuwa amesimama mlangoni alisema, "Mathe, umetupiga bao. Na sisi tulikuwa tunatafuta blanketi hadi Kamukunji." Nilikuwa na furaha siku hiyo, na sijaipata nyingine ya namna ile.

Wiki mbili hivi baadaye shoga yangu alikuja kumwona mtoto. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamsomea, akampokea mikononi. Nilimwona akiinamisha uso kumbusu, kisha uso ukabaki pale pale. Alinitazama juu ya kichwa cha mtoto. Alizungumza habari za bei ya maziwa mpaka chai ikaisha, kisha akaniomba nimsindikize. Tulipofika kwenye lango la ua akasimama.

"Umemfunika mtoto bafta yetu."

"Ni mabaki. Nilipewa na wenyewe. Haina neno katika sheria, na wewe unajua."

"Sijakuuliza halali na haramu. Huko utanishinda. Nimekuuliza mama yake anajua?"

Nilifungua komeo la lango.

"Nimelinusa lile blanketi nikahisi nimeitwa kazini," alisema. "Wewe huhisi?"

"Sinusi kitu."

"Basi hilo ndilo baya zaidi. Mwambie kabla mwingine hajamwambia."

Nilisema nitamwambia kesho. Kesho yake alikuwa amelala, mtoto kifuani, nikaona si vizuri kumwamsha. Keshokutwa alikuwa na wageni kutoka sokoni. Siku iliyofuata nilijiambia kwamba nikimwambia nitamtia hofu isiyo na msingi katika dini, na ni wajibu wangu kumkinga na hofu kama hiyo. Naandika sababu hizi kwa mpangilio wake kwa kuwa zote zilikuwa za adabu na zote zilikuwa za uongo. Ukweli ni kwamba nilipenda kumwona akilikunja lile blanketi jioni kana kwamba ni kitu cha thamani.

Siku ya nne baada ya mazungumzo yale nilisikia kikohozi mkabala na chumba changu. Kilikuwa kidogo, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Tulimpa maziwa ya mama yake tu, tukaziba dirisha kwa gunia, na mama yake akazidi kumfunika. Alikuwa akimfunika vizuri, blanketi juu ya kichwa, kama tulivyoambiwa. Alasiri ya siku ya pili ya kikohozi midomo ya mtoto ilibadilika rangi. Mwanangu aliita teksi, tukaenda wote watatu na mtoto wa nne.

Hospitalini walimchukua, wakamwekea mpira wa hewa puani. Daktari alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, macho mekundu kwa kuchoka. Aliuliza mengi na kuandika. Anakohoa tangu lini, ananyonya vipi, kuna anayevuta sigara nyumbani, mnapikia makaa chumbani. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile, "Kuna dawa yoyote ya kuchua au kupaka mmemtumilia? Kitu chenye kafuri?"

"Hapana," alisema mke wa mwanangu. "Hatujampaka chochote."

Hakulijua neno hilo. Nilimfundisha sura za Qur'ani, udhu na nia, na neno hilo sikuwahi kumfundisha. Mwanangu ndiye aliyenigeukia, kwa sababu yeye alizaliwa Majengo. Nilimwona akinusa hewa, kisha akitazama blanketi lililokuwa mapajani mwa mke wake, na nikaona kwamba naye alikuwa amezoea kama mimi, mpaka alipolisikia jina.

Nikasema, "Kulikuwa na blanketi. Liliwekwa kwenye kafuri."

Daktari alisimamisha kalamu. "Lilimfunika karibu na uso?"

"Usiku na mchana," nilisema. "Karibu wiki tatu."

Aliandika. Kisha alitueleza kwa upole kwamba mapafu ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huwa hayajakomaa, na kwamba watoto wa namna hii hupata nimonia hata wakilindwa namna gani, hasa msimu wa baridi. Hakuna anayeweza kusema ni blanketi. "Lakini kafuri si nzuri kwa kifua cha kichanga," alisema. "Msilitumie tena." Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Tulibaki kwenye benchi la ukumbini. Mke wa mwanangu alikuwa amelikunja blanketi mara nne, akaliweka kati yetu.

"Mama, hiyo kafuri ni ya nini?"

"Ya nondo," nilisema. Kisha nikamwogopa Mungu. "Na ya maiti. Tunawatia tunapowaosha."

"Na hii nguo nyeupe?"

"Ni bafta. Ni mabaki."

"Mabaki ya nini?"

"Ya sanda."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alilitazama blanketi, kuku wale wadogo wa kitenge wakiwa juu.

"Mimi sikununua hata soksi," alisema.

Nilianza kumweleza. Nilisema haikumgusa maiti yeyote, nguo ni nguo, yaliyoandikwa hayaji kwa kitambaa. Yote niliyosema yalikuwa ya kweli, na nilisikia sauti yangu ikiwa ile ya mkekani, ya kufundisha. Mwanangu aliniwekea mkono begani.

"Mathe, wacha. We ni mtu wa kusoma. Si ungemwambia tu?"

Mtoto aliishi hospitalini siku tisa. Kila siku niliswali rakaa nyingi kuliko nilizowahi kuswali, nikaomba jambo moja tu, apumue. Shoga yangu alikuja kuswali nami. Niliomba pia, na hili naona haya kuliandika, kwamba kama haiwezekani apone, basi ionekane si kwa sababu ya blanketi. Sikupewa moja wala jingine. Alifariki asubuhi ya Jumatatu, siku tatu kabla ya arubaini yake, na hakuna aliyetuambia kwa yakini ni nini kilichomuua. Nimonia, waliandika.

Alirudishwa nyumbani adhuhuri. Mkeka ulitandikwa chumbani kwao, na maji yalichemshwa uani. Nilifungua sanduku langu kwa mazoea, nikachukua vifaa vyangu, nikavuka ua. Mke wa mwanangu alikuwa ameketi mlangoni. Aliinuka akanipa heshima yangu, kisha akazungumza na shoga yangu aliyekuwa nyuma yangu, hakuzungumza na mimi.

"Naomba Mama asimguse."

Nikarudi nyuma. Niliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa karibu na jiko. Kwa miaka zaidi ya thelathini sikuwa nimewahi kuwa upande ule wa mlango maiti wa mtaa wetu akioshwa. Ukiwa ndani, kazi inakushika. Ukiwa nje, unasikia. Nilisikia maji yakimiminwa kidogo kidogo, machache mno, kwa kuwa mwili ulikuwa mdogo. Nilisikia bafta ikiraruliwa, na sauti ilikuwa fupi, nikajua upana wake bila kuuona.

Shoga yangu alitoka mara moja, mikono imelowa.

"Nipe kifuko kimoja cha mkono. Vyangu ni vikubwa."

Nilikuwa navyo mapajani, vitatu, nilivyoshona mwenyewe, na kimoja kilikuwa kidogo. Nikavitazama.

"Usitumie vyangu," nilisema. "Chana leso mpya. Na kafuri usiweke nyingi."

"Sitaweka kabisa," alisema. "Mama yake amekataa. Si lazima, na wewe unajua."

Nilijua. Aliingia ndani. Alipotoka tena baada ya muda hakuwa na kipande mkononi cha kuwauliza wafiwa. Alikuwa amepima sawasawa, hakukubaki kitu.

Walikaa mkabala nami miezi miwili mingine. Alinisalimia kila asubuhi. Aliniletea chakula nilipokuwa na mafua. Hakuja tena mkekani, na alipoanza kuswali peke yake chumbani niliisikia sauti yake ikiteleza kwenye sura ile ndefu niliyomfundisha, na sikuthubutu kumsahihisha. Kisha mwanangu akasema wamepata chumba Kware, ghorofa ya sita, karibu na kazi yake. Kazi yake haiko Kware. Nilisema Mungu awabariki.

Siku ya kuhama alinikabidhi mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na vipande sita vya bafta, vimefuliwa na kupigwa pasi, kingo zake za kuraruliwa zimenyooshwa. Alikuwa amefumua mshono wangu wote, ule wa mchwa, tundu kwa tundu, pengine kwa wiki nzima, bila kuchana popote. Vipande vya rangi havikuwemo. Sikuuliza kama amevitupa au amevihifadhi, na hadi leo sijui.

Niliwatembelea mara moja. Kabla ya kwenda niliwapa bahasha ya kafuri watu wa msikiti, nikalitoa sanduku nje likapigwa na jua siku nyingi, nikafua kila nguo yangu, hata leso ya kichwa. Nilinunua sabuni ya harufu. Nilipanda ngazi za Kware nikipumzika kila ghorofa. Alinipokea vizuri. Alipika chai ya tangawizi, akaniuliza habari za miguu yangu, akanionyesha zulia jipya. Mwanangu alisimulia mzaha wa kazini, na tukacheka sote watatu. Niliwaombea dua, nikaaga, nikashuka. Sikuwa nimefika ghorofa ya nne niliposikia juu yangu madirisha yakifunguliwa, moja, kisha la pili. Mwezi ulikuwa wa sita, na baridi ilikuwa imeshaanza.

Niliinusa mikono yangu pale ngazini. Sikusikia kitu.

Bado naenda Gikomba siku za Alhamisi. Fundi bado ananiuliza kama nimekuja kumfagilia. Nashona vishikio vya sufuria na mifuko ya juzuu, vitu visivyolala na mtu. Kila nikimaliza kimoja nampelekea shoga yangu kwanza, anakinusa, ananiambia. Mara nyingi husema hakina harufu. Siku nyingine hukiweka tu kando, nami sikirudii. Kuhusu mtoto, nina yakini ya mahali alipo, wala sina shaka na rehema ya aliyemwita. Kuhusu mimi mwenyewe sina yakini, naomba nipewe subira ya kutojua. Mke wa mwanangu hajabeba mimba nyingine. Vile vipande sita nimeviweka kando. Nimewausia watakaoniosha waniwekee mwilini siku yangu itakapofika, na nimemwomba shoga yangu, akibaki yeye nyuma yangu, asiulize mtu kama anataka kitakachobaki cha sanda yangu.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu aipe nguvu mikono yako na aijaze kazi ya halali. Akuepushie elimu inayokuzuia kusema. Akupe mtu mmoja, hata akiwa mmoja tu, wa kukwambia harufu yako usiyoisikia, na akupe moyo wa kumsikiliza siku hiyo hiyo, bila kungoja kesho. Watoto wa nyumba yako wapumue salama. Amin.